Mwaka Ambao Dada Yangu Hakutajwa

Nasieku alinipigia simu nikiwa naosha vyombo, na kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kuongea nikajua kuna mtu amekufa. "Anti," akasema, "mama yetu mkubwa wa nyumbani ametuacha." Hakusema nani, na mimi sikuuliza. Alikuwa anamzungumzia bibi yake, mama mzazi wa baba yake, ambaye sote tulimwita Koko kama Wamaasai wanavyowaita bibi zao. Koko alikuwa na jina lake mwenyewe, jina zuri la usichana, lakini kuanzia siku hiyo hakuna mtu wa boma lile ambaye angelitamka tena, na mimi pia sitaliandika hapa. Nilipokata simu nilikaa kwenye kiti cha jikoni na mikono yenye povu, nikajishangaa. Mimi huyu! Mimi ambaye nikiwa msichana nilitaka kuipasua nyumba ya watu katikati kwa sababu ya mila hiyohiyo, leo nimenyamaza bila kuambiwa. Nililia kidogo, nikacheka kidogo, kisha nikaacha vyombo kwenye karai na kuanza kuukumbuka ule mwaka.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili, ule wa kiangazi kikali, wakati Wamaasai walipofikisha ng'ombe wao mpaka katikati ya Nairobi wakitafuta nyasi za kando ya barabara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa kwetu Ukambani nikingoja sijui nini. Dada yangu Mumbua alikuwa ameolewa na Mmaasai, dereva wa lori la kuuza maji pale Kitengela, na nyumba yao ilikuwa nje ya mji, kwenye mbuga inayoelekea Kajiado. Malaria ilimpanda kichwani, na wiki haikuisha. Aliacha mtoto mmoja, Nasieku, wa miaka sita, na baada ya mazishi mtoto huyo akaacha kabisa kuongea na mtu yeyote wa nje. Nyumbani aliongea, tena kwa kunong'ona. Mbele ya mgeni alikuwa kimya kama jiwe. Mwalimu wa nasari alijaribu, akachoka, akamrudisha na kusema, "Mkae naye kwanza huko nyumbani, sauti ikirudi mniletee." Ndipo shemeji aliponitumia ujumbe niende nikae nao, nimfundishe mtoto hapohapo nyumbani, ili Januari apelekwe kwenye intaviu ya darasa la kwanza. Nilifunga nguo zangu siku hiyohiyo. Niliona kwamba ninaenda kumlea mtoto wa dada yangu, na pia, niseme ukweli, nilitaka kukaa mahali ambapo dada yangu alikaa, niguse vitu vyake, nisikie watu wakimsimulia.

Nyumba ilikuwa ya mabati, na upepo wa mbuga ile uliipiga mchana kutwa mpaka ukahisi uko ndani ya debe. Sebuleni kulikuwa na makochi ya mbao yenye vitambaa vyeupe alivyofuma dada yangu, meza ya kioo iliyopasuka pembeni, na ukutani alama ya mraba ambapo picha ya harusi ilikuwa imetundikwa. Picha yenyewe haikuwepo. Nilitafuta kwa macho kila mahali huku nikijifanya napumzisha uchovu wa safari. Nguo zake hazikuwepo. Cherehani haikuwepo. Hata kikombe chake cha maua, kile nilichomnunulia mimi, hakikuwepo kwenye kabati. Nyumba ndogo ya udongo ya Koko ilikuwa kando, mlango wake mfupi ukitazamana na mlango wa jikoni kwetu, na kutoka humo Koko alitoka kuniangalia, mrefu, mwembamba, masikio yametobolewa yakining'inia bila shanga hata moja. Nasieku alikuja mbio, akainamisha kichwa nimguse kama watoto wa huko wanavyoamkia wakubwa. Nilimgusa utosini, akaondoka bila neno.

Jioni ile tulikula ugali na kabichi, na kipande cha nyama ambacho Koko alinikatia mwenyewe kwa kisu chake. Sisi Wakamba hatujui kula kimya. Nikaona nichangamshe meza. Nikasema, "Ai, hii kabichi imeiva vizuri. Mumbua yeye alikuwa anaipenda mbichimbichi, mpaka mama anamwambia atakuwa sungura." Yaani sijui nikuelezee vipi. Shemeji, ambaye alikuwa amebeba tonge, alilirudisha kwenye sahani, akasimama, akatoka nje. Koko aliweka kikombe chini polepole na kutema mate pembeni, mate madogo makavu, kama mtu anayefukuza kitu. Na Nasieku, mtoto wa miaka sita, aliziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili na kunitazama kwa macho ya hofu, kama vile mimi ndimi niliyekuwa nimetukana. "Hapa hatusemi hiyo," Koko aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota. "Hamsemi nini?" "Hiyo umesema." Ugali ulipoa mbele yangu, na upepo ukaendelea kupiga mabati.

Asubuhi nilimfuata shemeji kabla hajawasha lori. Alikuwa anakagua bomba la kutolea maji, hakutaka kunitazama. "Shemeji," akasema, "usikasirike. Kwetu mtu akienda, jina lake linaenda na yeye. Ukimwita unamsumbua huko aliko. Anaweza kurudi kuangalia ni nani anamwita, na akirudi anaona mtoto wake." Nikamwuliza, "Na si nyinyi mnaenda kanisa?" "Kanisa tunaenda," akasema, "lakini kanisani mama yangu hayuko. Mama ako hapa nyumbani." Nikashindwa nicheke au nilie. Kwetu mtu akifa jina lake hutafutiwa mtoto wa kulibeba, na mtoto huyo huitwa jina hilo asubuhi mpaka jioni, anafinywa mashavu, anaambiwa anafanana na mwenye jina hata kama hafanani. Sisi tunamweka mtu wetu hai kwa kumwita. Hawa wananiambia niache kumwita dada yangu, katika nyumba yake, mbele ya mtoto wake! Nilimwambia shemeji nitajitahidi. Moyoni niliapa kwamba mtoto yule hatasahau jina la mama yake nikiwa hai.

Basi tukaanza masomo, na masomo yenyewe hayakuwa na dawati wala ubao. Nilianza na kalamu na karatasi, na Nasieku akazitazama tu kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kisha siku moja nilikuwa nachekecha unga kwenye sinia, nikachora herufi ya kwanza ya jina lake kwa kidole, bila mpango wowote, na akaja mwenyewe akachora ya pili. Tangu hapo jikoni ndiko kulikuwa shule. Alisoma pakiti za chumvi na sukari, akasoma maandishi kwenye mabati ya ukutani, akasoma gazeti lililofungia nyama, huku damu ikiwa imefuta nusu ya habari. Alijifunza kuhesabu kwa maharagwe tulipokuwa tukichagua mawe. Nilikuwa nimejaribu kumhesabisha mbuzi, na Koko akatoka kwenye nyumba yake kama mshale: mifugo haihesabiwi, mimi nataka waishe? "Mtajuaje kama mmoja amepotea?" nikamwuliza. Koko akanitazama kwa huruma. "Wewe, mkikaa mezani kwenu, mnahesabu watu ndio mjue nani hayuko?" Nikaacha mbuzi, nikarudi kwenye maharagwe. Nilimpikia isyo, mahindi na maharagwe ya kwetu, akala bakuli nzima akinung'unika kwamba Wakamba wanakula chakula cha kuku, kisha akaomba nyingine. Hivyo ndivyo tulivyoishi mimi na yeye, tukichokozana mchana kutwa, na chini ya mzaha huo kulikuwa na donge ambalo hakuna aliyeligusa.

Koko naye alikuwa na shule yake. Alfajiri alimchukua Nasieku wakakamua mbuzi pamoja, kisha wakaketi mlangoni kwake kusafisha vibuyu vya maziwa, wakisugua ndani kwa kijiti cha mzeituni wa porini kilichochomwa mpaka moshi wake ukatoka na harufu nzuri. Mchana walishona shanga. Na muda wote huo Koko aliongea. Aliongea Kimaasai cha chini, kirefu, kisichokuwa na mwisho, na mtoto akisikiliza, akiuliza kitu, wakati mwingine akicheka. Mimi Kimaasai changu kiliishia kwenye salamu na maneno ya maziwa. Lakini nilikuwa na macho, na jambo moja niliona: kila nilipowakaribia, Koko alinyamaza. Nikileta chai, kimya. Nikija kuchukua kibuyu, kimya, na Nasieku anainamia shanga zake. Nikirudi jikoni, sauti inaanza tena. Hilo lilinichoma. Mtu hawezi kunyamaza kila unapoingia kama anazungumza habari za mbuzi. Nilijiambia kwamba mwanamke huyu anamfundisha mtoto kumsahau mama yake, na anaogopa nisikie.

Kwa hiyo na mimi nikawa na somo langu la siri. Tukiwa wawili, nikimwogesha nyuma ya nyumba, nilimwuliza polepole, "Nasieku, mama anaitwa nani?" Mikono ilipanda mdomoni mara moja, imejaa sabuni. "Niambie mimi tu. Mimi ni dada yake." Akatikisa kichwa. "Unalijua?" Akaitikia kwa kichwa, ndiyo. "Basi sema." Machozi yakamjaa, na kutoka nyuma ya viganja vyake akanong'ona, "Koko amesema akisikia atakuja, na njia ni mbaya." Aki ya Mungu nilishtuka mpaka nikaketi kwenye tope lile la maji ya kuoga. Mtoto hakuwa amesahau. Mtoto alikuwa anamkinga mama yake asije akatembea njia mbaya. Nilimsuuza, nikamfunga taulo, na siku hiyo sikuweza kupika.

Karibu na Desemba alikuja dada mkubwa wa shemeji kutoka Kimana, kwenye mashamba ya vitunguu, mwanamke mwenye sauti ya sokoni. Alileta gunia la vitunguu na nyanya, akaketi sebuleni na kaka yake, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mabati nikikaanga. "Hii mtoto haiongei," alisema. "Shule itamfanyia nini? Watamcheka. Nipe mimi. Kimana kuna watoto wa rika lake na mbuzi wa kuchunga, atachangamka." Shemeji akasema kitu sikusikia. "Shule? Shule ni mbali, na msichana akishaanza na mbuzi anatulia na mbuzi," akasema yule mama, akacheka. "Baadaye tutamtafutia nyumba nzuri." Mwiko ulinitoka mkononi. Kisha nikamsikia shemeji vizuri, sauti imechoka: "Mwache mpaka Januari. Intaviu iko Kajiado. Akikataliwa, utakuja umchukue." Ndipo nikang'amua kwamba walikuwa wanaongea Kiswahili. Ndugu wawili Wamaasai, ndani ya nyumba yao, wanaongea Kiswahili! Yule mama alitaka nisikie, nijue kwamba mwaka wangu wote wa kuchora kwenye unga umebakiza intaviu moja tu. Vitunguu vilikuwa vimeungua, nikavimwaga nje.

Alipoondoka nilimwendea Koko mlangoni kwake. Sikubisha hata. Nilimwambia yote kwa mkupuo. Kwamba Januari mwalimu atamwuliza mtoto jina la baba na jina la mama, kama wanavyoulizwa watoto wote, na mtoto ataziba mdomo, na watasema hana akili, na ataenda Kimana kuchunga mbuzi mpaka aolewe. Kwamba wamemfuta dada yangu ukutani, wamemfuta kabatini, sasa wanamfuta kwenye ulimi wa mwanawe. "Mmemzika mara mbili," nikamwambia. Koko alikuwa anashona. Sindano ilisimama. Nilitegemea anifukuze, na nilikuwa tayari. Alinitazama, uso wake umeshtuka kuliko wangu, akasema, "Wewe unafikiri mimi nimesahau?" Halafu kidogo, kwa sauti nyingine, "Nitaenda na nyinyi huko shule." Nilirudi jikoni nikiwa na hasira ile ile, nimeongezewa na wasiwasi, kwa maana sasa mwenye mila mwenyewe angekuwa chumbani wakati wa swali.

Siku ya intaviu shemeji alitupakia kwenye lori lake, sisi watatu kwenye kiti cha mbele, akatushusha langoni mwa shule pale Kajiado na kubaki nje, akisingizia kwamba anaangalia magurudumu. Nasieku alikuwa amevaa gauni la njano, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Koko alikuwa amevaa shuka zake safi, na masikioni mwake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kulikuwa na shanga. Ofisi ya mwalimu mkuu ilinuka chaki na chai ya maziwa. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo, mgeni wa sehemu zile, mpole lakini amechoka, maana nje kulikuwa na foleni ya watoto wengine. Mimi na Koko tuliwekwa kwenye benchi nyuma. "Wazazi, tafadhali, msimjibie mtoto," akasema. "Haya mrembo. Jina lako nani?" Kimya. Saa ya ukutani ikasikika. "Jina lako?" Kimya. Nilikuwa nimekamata ubao wa benchi kwa mikono miwili. Ndipo Koko aliposema kitu kwa Kimaasai, maneno machache tu, kwa sauti ile ile ya chini ya mlangoni kwake, na mtoto akavuta pumzi. "Nasieku," akasema. Mbele ya mgeni! Nilitaka kupiga kigelegele. Akaonyeshwa herufi, akazisoma. Akapewa chaki azihesabu, akazihesabu kama maharagwe, akizisukuma kwa kidole kimoja. Akasoma bango lililokuwa ukutani bila hata kuulizwa. Mwalimu mkuu alitabasamu, akaweka alama, na mimi nikaanza kumshukuru Mungu kwa Kikamba.

"Vizuri sana. Baba anaitwa nani?" Nasieku akalitaja. "Na mama anaitwa nani?"

Viganja vikapanda mdomoni.

"Usiogope. Mama. Mama nyumbani anaitwa nani?" Hakuna kitu. Mwalimu mkuu alimtazama, akatazama karatasi yake. "Huyu anasoma bango, halafu hajui jina la mama yake?" Nikainuka nusu, nikasema, "Mwalimu, mama yake ali—" Akainua kalamu kunizuia. "Mama, nimesema tafadhali. Nataka kusikia mtoto. Hapa darasani tunao wengi, kama hawezi kuongea habari za kwao tutamrudisha nasari akomae." Alisema bila ubaya wowote. Hakujua kwamba kwetu hakukuwa na nasari ya kurudi, kulikuwa na Kimana. Niliketi. Nilimgeukia Koko kwa macho makali, nimwambie bila maneno, unaona? Unaona sasa? Lakini Koko hakunitazama. Alikuwa anamtazama mtoto, na alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemruhusu mwenzake aanze.

Nasieku alishusha mikono. "Mama yangu," akasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno, "ni yule alikuja kwetu na sanduku ya kijani, akalia juu ya upepo. Ni yule anaweka iliki mingi kwa chai mpaka Koko anapiga chafya. Ni yule alikuwa anakamua mbuzi akikaa upande si wake, na mbuzi akamkubali, na Koko akasema basi, huyu ni wetu. Aliogopa beberu. Akishona anaimba na pua. Akinifunga nywele anasema nikae kama malkia. Alinizaa mvua ikinyesha na hakupiga kelele, Koko alikuwa amemshika hapa." Akajishika begani. "Alikuwa anakula kabichi mbichi kama sungura. Na siku aligonjeka alimwambia Koko, usiwache mtoto anyamaze." Alikuwa bado anaendelea. Mwalimu mkuu alikuwa ameweka kalamu chini.

Sijawahi kupigwa na umeme, lakini nadhani ni hivyo. Kumbe! Kumbe ndiyo yaliyokuwa yakisemwa mlangoni pale, asubuhi kwa asubuhi, kibuyu kwa kibuyu, shanga kwa shanga! Mwaka mzima Koko alikuwa anamfundisha mtoto mama yake. Mambo ambayo mimi, dada wa damu, sikuyajua. Sikujua kwamba alilia kwa sababu ya upepo. Sikujua kwamba alijifungua akiwa ameshikwa begani na mwanamke huyu. Hata kabichi, ile kabichi yangu ya jioni ya kwanza iliyonifanya nionekane mchawi, Koko alikuwa ameiokota mezani akampa mtoto aiweke pamoja na mengine. Alikuwa akinyamaza nilipokaribia kwa sababu mimi ndiye mtu pekee katika boma lile ambaye, akisikia habari hizo, angelitamka jina. Alikuwa ananiogopa. Machozi yalinitoka tu, bila kilio, yakaanguka kwenye blauzi yangu ya kanisani.

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso yake, akaivaa tena. "Yuko wapi huyo mama?" akatuuliza sisi, si mtoto. Koko akasema, "Hayuko." Mwalimu mkuu akaitikia polepole. Akamtazama Nasieku, akasema kwa upole kwamba ameelewa, kwamba amejibu vizuri kuliko watoto wote wa siku hiyo. Kisha akaigusa karatasi yake, akaonekana ameona haya kuuliza. "Lakini hapa kuna nafasi ya jina. Niandike nini? Siwezi kuiacha wazi."

Koko aliinuka. Alitembea mpaka mbele ya meza, shanga zake zikilia kidogo, akasimama nyuma ya Nasieku, akaweka viganja vyake vikubwa vyenye nyufa juu ya masikio ya mtoto na kuyaziba, akakaza. Akanigeukia. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Mwanamke yule ambaye nilimwona akimfukuza fisi kwa kuni, alikuwa anatetemeka. "Sasa wewe," akaniambia. "Wewe ni wa kwao. Wewe alikuzoea tangu mtoto, akisikia ni wewe hatashtuka. Sema."

Mwaka mzima nilikuwa nimelitafuta jina hilo kinywani mwa kila mtu, na nilipopewa ruhusa ya kulitamka lilikataa kutoka. Nilijaribu mara ya kwanza, ikatoka hewa tu. Mtoto alikuwa ananiangalia kutoka kati ya mikono ya bibi yake, anajua kwamba kuna kitu kikubwa kinafanyika, ametulia tuli. Nikakohoa, nikajikaza. "Mumbua," nikasema. "Anaitwa Mumbua." Koko alifumba macho. Kalamu ikaandika, na ikamaliza.

Ndipo mikono ikashuka. Nasieku alinitazama mimi, akamtazama bibi yake, akauliza kwa sauti nzima, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nifike, "Koko, amesema nini?"

"Amesema Jumatatu unaanza shule," Koko akamjibu.